Tuwarudishie Vijana Ndoto Zao

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu mtarajiwa, alirejea kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya bweni huku kwetu kati ya Nakuru na Molo. Alinijia ofisini na bunda la insha za kidato cha tatu. Kichwa alichowapa wanafunzi kilikuwa "Ndoto Yangu". Katika insha 43, insha 42 zilifanana kama shilingi kwa ya pili: kupata alama ya A katika KCSE, kisha udaktari au uhandisi, kisha kumjengea mama nyumba ya ghorofa. Ya 43 haikujaza hata ukurasa. Aliyeiandika alisema kuwa ndoto yake ni kulala siku moja mpaka ajiamkie mwenyewe, bila kengele, ili aione ndoto yake hadi mwisho.

Mwalimu wetu mtarajiwa alikuwa amemtunuku alama 2 kwa 20, na kuandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada." Aliniletea ili tucheke, nami nilicheka. Lakini usiku ule nilijigeuzageuza kitandani, maana ilinijia kwamba katika darasa zima ni huyo mmoja tu aliyeandika juu ya ndoto.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, msomaji ataniwia radhi nikianza na neno lenyewe. Kitenzi "kuota" ni cha kale sana katika lugha za Kibantu. Waganda husema "okuloota", Wachewa "kulota", Washona "kurota", na jirani zetu Wagikuyu huita ndoto "kiroto". Kiswahili kiliiangusha ile sauti ya mwanzo wa mzizi, ikabaki "ota". Hata hivyo haikupotea kabisa. Ilijificha nyuma ya nazali, ndiyo maana mpaka leo twasema "ndoto" wala si "noto". Matokeo ya mabadiliko hayo ni kwamba neno hili limekuja kufanana kimatamshi na mengine yasiyo ya ukoo wake. Mbegu nayo huota. Mzee mwenye baridi huota moto. Mganda hawezi kuyachanganya, kwa kuwa kwake kuota moto ni "okwota". Sisi tumeachiwa neno moja kwa mambo matatu: kuona usiku, kuchipuka, na kujipasha joto. Ni sadfa tu ya historia ya sauti, wala sitaki kumhadaa mtu kwamba wahenga walilipanga hivyo. Lakini ni sadfa yenye manufaa, nami nitairudia kabla ya kumaliza.

Maana ya "ndoto" kuwa lengo la maisha ndiyo iliyotamalaki siku hizi katika hotuba za siku za wazazi na katika kuta za shule. Tumeisahau ile ya asili. Twamwambia kijana afuate ndoto zake, na papo hapo twamwamsha saa kumi za alfajiri asizione.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba anayeamshwa wakati huo aghalabu huwa na ndoto ya kusimulia. Tangu hapo mengi yamefahamika. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja ukichukua takriban dakika 90. Katika mizunguko ya mwanzo wa usiku, usingizi mzito ndio unaotawala na kipindi cha ndoto huwa cha dakika chache tu. Kadiri usiku unavyosonga ndivyo kipindi hicho kinavyorefuka, na karibu na mapambazuko huweza kufika nusu saa. Hivyo, mwanafunzi aliyelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi hakupunguziwa usingizi wa kila aina kwa kipimo sawa. Amepokonywa hasa ule wa mwisho, wenye ndoto ndefu na wazi. Tena usingizi ndio unaoyapanga na kuyahifadhi yale yaliyosomwa mchana. Tunaitoa saa ya kuhifadhi na kuweka mahali pake saa nyingine ya kumimina, kisha twashangaa kwamba mtungi haujai.

Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Wala hatuhitaji kwenda Marekani. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, ambazo ni sheria ya nchi hii, zimetenga kwa shule za bweni muda wa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Sheria ipo; kengele ndiyo isiyoisoma.

Najua nitakavyojibiwa. Mzazi atauliza kama nataka mwanawe aanguke mtihani. Mwalimu atasema kwamba shule jirani tayari imewasha taa. Mkubwa fulani atakumbusha kwamba sisi tuliamka alfajiri na tukafaulu. Ni kweli, baadhi yetu tulifaulu. Lakini aliyevuka mto uliofurika hana haki ya kudai kwamba mafuriko ndiyo yaliyomfundisha kuogelea. Hoja ya shule jirani ndiyo nzito zaidi, nayo yaonyesha kwamba hapa hatuzungumzii elimu tena bali mashindano ya taa.

Lakini usingizi ni nusu tu ya mada yangu. Nusu ya pili ni lile jambo ambalo mtu anapoamka huwa analingojea.

Viktor Frankl, daktari wa akili kutoka Vienna aliyenusurika katika kambi za Wanazi, alisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1946 kisa cha mfungwa mwenzake. Mwezi wa Februari 1945 mtu huyo aliota ndoto iliyo wazi mno: sauti ilimwambia kwamba kwao vita vingekwisha tarehe 30 Machi. Akaishi kwa tarehe hiyo. Ilipokaribia na habari za vita zisionyeshe dalili ya ukombozi, aliugua tarehe 29, akapoteza fahamu tarehe 30, na tarehe 31 akafariki kwa homa ya taifasi. Frankl aliamini kwamba kukatika tumaini ndiko kulikoufungulia ugonjwa mlango.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama ushahidi wa nguvu ya tumaini. Mimi nasoma ndani yake onyo jingine. Kosa la maskini yule halikuwa kutumaini. Lilikuwa kuyatundika matumaini yote katika tarehe moja. Na hivyo ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu. Miaka minne mizima hakuna la kungojewa ila mtihani, na baada ya mtihani, siku ya matokeo. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, yaani takriban robo ya waliofanya mtihani. Alama hiyo ndiyo mlango wa shahada. Robo tatu waliobaki tuliwaahidi nini? Tuliwapa ndoto moja, tena ile ile waliyopewa wenzao, na asubuhi moja ya Januari tukawaambia imekwisha.

Mwaka 2020 tulipata funzo ambalo tumelisahau upesi. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona. Kidato cha nne kilirejea Oktoba, na wengi wa wanafunzi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Katika nchi nyingi watu walioacha kuamka mapema walishangaa kuota ndoto nyingi na za wazi kuliko kawaida. Lakini vijana wengi niliozungumza nao hapa Nakuru walisema kilichowachosha zaidi kilikuwa kutojua wangoje nini. Tarehe ya mtihani iliahirishwa, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Nina sababu yangu ya kulichukulia hili kwa uzito. Mwaka 1992 nilikuwa mtoto mdogo upande wa Molo wakati wa mapigano ya kikabila. Tulikimbilia Nakuru mjini tukiwa na magodoro mawili na sufuria, tukapanga chumba kimoja, watu saba. Kila usiku niliota moto. Niliuona ukipanda ukuta wa nyumba yetu, nikausikia, nikainusa nywele yangu ikiungua, nikaamka nikipiga mayowe. Nyanya hakuwa mpiga ramli wala hakunifasiria kitu. Asubuhi alinikalisha karibu na jiko la makaa, tukaota moto wa kweli, akaniacha nisimulie yote bila kunikatiza. Nikimaliza aliniuliza: "Haya, mjukuu wangu. Na leo unangoja nini?"

Siku ya kwanza nilimwambia, "Sina, Nyanya." Hakukubali. Alitafuta mkebe wa mafuta ya kupikia, akautia udongo, tukafukia mbegu tano za maharagwe, akauweka kizingitini. "Basi unangoja hizi," akasema. Kila asubuhi nikawa nakwenda kutazama. Siku ya sita mbili zilikuwa zimeota. Ndoto za moto hazikukoma mara moja, zilichukua miezi. Lakini sasa nilikuwa na la kuamkia. Baada ya maharagwe alinitafutia mengine: Jumamosi ya kwenda sokoni, barua ya mjomba, siku ya kupanda Menengai na binamu zangu kutazama moshi ukifuka ndani ya shimo. Hakuna hata moja lililokuwa kubwa. Hakuna hata moja ambalo lingevunjika na kunivunja nalo.

Kiswahili kina neno "kutazamia", nalo limetokana na "kutazama". Naliona kuwa na busara yake: ni vigumu kutazamia usichowahi kuonyeshwa. Mwalimu anayewataka wanafunzi wawe na ndoto hana budi kwanza kuwaonyesha kitu. Wala hahitaji fedha. Ijumaa yenye mchezo wa kuigiza usioghairishwa kwa ajili ya mtihani wa majaribio ni kitu. Hadithi inayosomwa darasani sura moja kwa juma, ikakatizwa penye utamu, ni kitu. Bustani ya darasa katika udongo huu wa Bonde la Ufa usiokataa mbegu ni kitu. Na kengele inayolia saa kumi na mbili, kama sheria isemavyo, ni zawadi isiyogharimu hata senti.

Nanyi wanafunzi, msisubiri mkubwa awape. Kila jioni jiulize swali la Nyanya kwa ajili ya kesho, na jibu lisiwe mtihani. Usipolipata, panda mbegu.

Nilimrudishia yule mwalimu mtarajiwa bunda lake la insha na kumwomba aisahihishe upya ile ya 43. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaisoma tena, taratibu, akiwa amesimama mlangoni. Sikumwuliza ameipa alama ngapi. Alichoniuliza yeye ni kama shule ile itamruhusu kurudi hata kwa siku moja, kwa sababu kuna mwanafunzi ambaye hakumsalimu vizuri walipoagana.