Chumba Kizito

Katika gesti moja ya zamani mjini Mbeya, yule binti wa mapokezi aliniamkia, akaandika jina langu kwenye daftari, kisha akasita na funguo mkononi. "Baba, vimebaki viwili. Cha mwisho wa korido kipo, ila nisikufiche, ni kizito."

Nilimwelewa. Anayesafiri mara kwa mara kati ya Iringa na Mbeya anajua chumba kizito ni kipi. Wageni hukabwa usiku, darini husikika hatua, na kuna mtu aliwahi kukutwa amekufa humo, mlango umefungwa kwa ndani. Sababu nazo hazikosekani. Jengo ni la Mjerumani aliyenyonga watu. Au ni la Mhindi aliyeacha jini wa kulinda mali yake. Au mwenyewe ni tajiri, ana misukule stoo. Ukionyesha shaka, utaambiwa usijitie uzungu, mizimu ni mila zetu.

Naanza na hilo la mila, kwa sababu ndilo linaloziba watu midomo. Wahehe wa Iringa huwaita wafu wao masoka. Wanawajua kwa majina, wanawatambikia kwenye makaburi ya ukoo, na masoka wakikasirika huwakasirikia watoto na wajukuu waliowasahau. Dereva wa lori aliyeingia kulala akitokea Tunduma hana deni lolote na masoka wa ukoo wa mtu mwingine. Wamkabe kwa lipi? Jini naye asili yake ni pwani. Huku milimani alipanda na misafara, biashara na waganga wa kusafiri. Kwa hiyo hadithi ya chumba kizito hatukurithi kwa babu. Imetungwa mjini, na watu wa mjini, katika majengo ambayo mengi hayajatimiza hata miaka mia. Mbeya yenyewe ilianza mwaka 1927, wakati watu wanakimbilia dhahabu ya Lupa huko Chunya.

Twende kwenye damu. Kama damu iliyomwagika ndiyo inayozaa mashetani, Iringa isingekalika. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliwaangamiza askari wa kamanda wa Wajerumani, Zelewski, naye mwenyewe akafia hapo. Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani ilibomoa ngome ya Kalenga. Julai 1898 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Mlambalasi. Kichwa chake kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani, na halikurudi hadi mwaka 1954. Leo fuvu hilo liko kwenye makumbusho ya Kalenga, watoto wa shule wanapanga foleni kulitazama, kisha wanatoka nje kula mihogo. Boma la Wajerumani pale Iringa mjini limekuwa makumbusho tangu 2016, na watu wanaingia na kutoka. Isimani, siku ya Krismasi mwaka 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dokta Klerruu, akaupeleka mwili wake polisi. Nimesimuliwa kisa hicho na wazee wengi, kila mmoja kwa upande wake, wengine kwa hasira. Hakuna hata mmoja aliyenitajia shetani.

Hawakumhitaji. Wanajua nani alimuua nani, siku gani, na ugomvi ulikuwa wa nini. Shetani nimemsikia kwingine, kwenye nyumba za ghorofa moja zenye duka chini na makazi juu, ambazo mpangaji wa leo hajui ya jana yalikuwaje.

Nyumba za namna hiyo zina historia, tena iliyoandikwa kwenye sheria. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo yaliyopangishwa ambayo thamani yake ilifika shilingi 100,000. Sehemu kubwa yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia. Jengo likiwa limepita miaka kumi, mwenyewe hakulipwa fidia. Majengo yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zilifunga mizigo, zikaenda Uingereza na Kanada. Unaweza kuitetea sheria ile, maana kulikuwa na wapangaji waliokamuliwa na wenye nyumba wachache. Unaweza kuilaani, maana wapo waliojenga kwa akiba ya duka dogo wakaondoka na masanduku. Huo ni mjadala wa watu wazima, nami ningependa tuufanye. Lakini ukisema "Mhindi aliacha jini", mjadala umekwisha kabla haujaanza. Umekiri kwamba nyumba ina mwenyewe aliyeondoka na uchungu, na papo hapo umejiondolea kazi ya kuuliza ni uchungu gani. Jini hadai fidia.

Waliosoma, nao, wana kosa lao. Wao husema ni ushamba tu, wageni wanaota. Mimi siamini kwamba mtu anayetoka chumbani saa tisa za usiku akitetemeka, shuka begani, anadanganya. Kuna jambo limempata. Kiswahili kina neno la mojawapo ya mambo hayo, nalo ni jinamizi. Akili inaamka, mwili bado umelala. Huwezi kuinua mkono, kifua kimebanwa, na unaona wazi kwamba mtu amesimama mlangoni. Humpata zaidi mtu aliyechoka, aliyekosa usingizi, aliyelala chali. Sasa mfikirie abiria aliyekaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, akaangukia kitanda asichokizoea. Nazo hatua za darini ni bati na mbao. Mwezi wa saba Mbeya, jua la mchana huchoma paa, na usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Bati linajikunja, mbao zinalia, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetembea polepole.

Kama ingekuwa hayo tu, nisingeandika. Jinamizi haliui.

Mkaa unaua. Huku kwetu msimu wa baridi watu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha, huziba upenyo wa mlango kwa kanga. Wanaamini mkaa ukishaiva na moshi ukaisha, hatari imeisha. Kumbe mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu huishika nafasi ya oksijeni na kuing'ang'ania kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinakuwa kizito, masikio yanavuma, miguu inaisha nguvu, akili inachanganyikiwa; anayetaka kuamka hawezi. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani ikaanza kusikia hatua na kuona watu wasiokuwepo. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, linarudisha gesi ndani. Lilipotengenezwa, wageni wale wa usiku hawakuonekana tena.

Hapo ndipo ninapokasirika. Chumba kikishaitwa kizito, anayekufa humo ameshahukumiwa. Hakuna anayeuliza dirisha lilikuwa wazi au la. Ndugu wanachukua mwili wao, mwenye gesti anamwita mtu wa kuja kuombea chumba, fundi haitwi. Jini hashtakiwi, wala hatengenezewi tundu la hewa. Na mwaka unaofuata baridi inarudi, jiko linaingizwa tena.

Nilichukua kile cha mwisho wa korido. Kilikuwa chumba kidogo, safi, kitanda kimetandikwa vizuri, ukutani msumari wa kutundikia koti. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari. Kwa sababu ya wezi, nilivyoambiwa. Saa mbili usiku mlango ukagongwa. Alikuwa yule binti, kashika jiko lenye mkaa mwekundu, ulioiva kabisa, hauna hata moshi.

"Nimekuletea joto, baba. Huku nyuma kuna baridi."

Nilimshukuru, kwa kuwa alikuja kwa wema. Nikamuuliza yule mgeni aliyefariki, ilikuwa mwezi gani.

"Wa saba."

"Na jiko lilikuwemo?"

"Lilikuwemo," akasema. "Si baridi, baba?" Kisha akanyamaza, akatazama lile jiko mkononi mwake, akatazama dirisha. Aliliweka chini koridoni, mbali na mlango, akaenda kutafuta koleo ya kung'olea misumari.