Kupakua Si Kusoma: Vipimo vya Majarida ya Kielektroniki na Hatima ya Utafiti wa Kiswahili

Hakuna shaka kuwa majarida ya kielektroniki yamebadilisha sura ya utafiti katika vyuo vikuu vya Kenya. Tangu mwaka 2003, maktaba za vyuo zimeshirikiana katika muungano wa KLISC ili kugawana gharama za kuyalipia. Fedha zinapopungua, maktaba hulazimika kuamua jarida lipi libakizwe na lipi liachwe. Aghalabu hugawanya bei ya jarida kwa idadi ya makala yaliyopakuliwa.

Idadi hiyo ina kanuni zake. Mradi wa kimataifa wa COUNTER, ulioanzishwa mwaka 2002, uliwapa wachapishaji utaratibu mmoja wa kuhesabu. Zamani, mtafiti aliyefungua makala kwenye tarakilishi kisha akayapakua kama faili ya PDF alihesabiwa mara mbili. Toleo la 5, lililoanza kutumika mwaka 2019, lilileta kipimo kinachomhesabu mara moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: takwimu sasa zinalinganishika. Hata hivyo, kupakua si kusoma.

Tazama mazoea ya wanafunzi wa Kiswahili. Mmoja hupakua makala, akayachapisha, na wenzake 30 wakayatoa nakala kibandani. Wasomaji ni wengi, hesabu ni moja. Mwingine hupakua makala 30 usiku mmoja, asifungue hata moja. Kwa mujibu wa takwimu, huyu wa pili ndiye mtafiti hodari.

Isitoshe, jarida la Swahili Forum, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994, husomwa mtandaoni bila malipo. Anayelisoma hahitaji akaunti ya maktaba, hivyo usomaji wake hauonekani katika ripoti za majarida yaliyolipiwa. Anayetegemea ripoti hizo pekee atadhani kwamba Idara ya Kiswahili haisomi. Jarida la tiba linalopakuliwa na mamia litaonekana rahisi. La isimu ya Kiafrika litaonekana ghali, ilhali mwanafunzi wa uzamili anayelitegemea hana badala yake.

Si kwamba takwimu zitupwe. Zisomwe sambamba na ushahidi mwingine, hasa marejeleo ya tasnifu zilizowasilishwa idarani na mahojiano na watafiti wenyewe. Tasnifu huonyesha ni makala yapi yaliyojenga hoja, jambo ambalo mbofyo wa kitufe hauwezi kulionyesha. Kazi ya kukusanya marejeleo hayo yaweza kuanzwa na vyama vya Kiswahili vyuoni, kwa kushirikiana na wakutubi, kabla ya orodha ya majarida ya mwaka ujao kupitishwa. Wanafunzi nao wana wajibu: wayafungue majarida ya kulipiwa kupitia akaunti za maktaba zao, na wataje kwa uaminifu kila walichokisoma. Jarida likishaondolewa, wasomaji wake ambao hawakuhesabiwa ndio watakaolikosa.