Nyari si Jehanamu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Mimi ningeongeza kuwa kutembea pia ni kuumbuka, kwani mja huweza kuandamana na sahibu yake kwenda kutazama maajabu ya maumbile, kumbe anakwenda kufichuliwa ujinga wake mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyonifika siku nilipofunga safari kutoka Malindi hadi Marafa, katika kaunti ya Kilifi, nikiwa na rafiki yangu wa chanda na pete, mwanafunzi wa Jiografia.

Yanipasa kuungama mapema. Nilipokuwa katika mwaka wa kwanza niliandika insha kuhusu vivutio vya pwani, nikakitaja kimojawapo kwa jina la "Jiko la Jehanamu". Nilikuwa nimelitafsiri neno kwa neno jina Hell's Kitchen nililolisoma katika kijitabu cha watalii. Nilituzwa alama nzuri, nikatembea kifua mbele. Sikuwa nimewahi kukanyaga Marafa, wala sikuwa nimemuuliza Mgiriama yeyote mahali hapo huitwaje.

Tuliabiri matatu alfajiri. Haukupita muda mrefu tukavuka daraja la mto Sabaki, ambao maji yake yalikuwa mazito, ya rangi ya kahawia. Mwenzangu akanieleza kuwa huo ni udongo wa bara: mto Athi huuzoa katika nyanda za juu, ukateremka nao, ukaitwa Galana, na hatimaye, kwa jina la Sabaki, ukautema katika Bahari Hindi. Nami sikutaka kuachwa nyuma. Nikamweleza kuwa wanaisimu wamelichukua jina la mto uo huo wakaliita kundi zima la lugha zilizo ndugu wa damu: Kiswahili, lugha za Wamijikenda, Kipokomo na lugha za visiwa vya Ngazija. Tukacheka sote. Daraja lilikuwa moja, masomo yalikuwa mawili.

Marafa iko yapata kilomita 30 kutoka Malindi. Tuliposhuka, watoto walitulaki wakituuliza kama tumekuja kuona "Helisi Kicheni". Mzee mmoja, mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza wageni, akajitokeza.

"Shikamoo, mzee," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Hao wajukuu zangu jina hilo ndilo walijualo," akasema, kisha akatutangulia.

Msomaji mpenzi, kalamu yangu haina uwezo wa kuchora tulichokiona. Ardhi iliyokuwa tambarare ilikatika ghafla miguuni petu. Chini palisimama minara ya mawe ya mchanga iliyochongoka, tabaka juu ya tabaka, nyeupe, ya waridi, ya machungwa na nyekundu iliyokolea. Mwenzangu alitaka kujua Kiswahili cha bonde la namna hiyo. Nikamwambia ni korongo. Akaangua kicheko, akisema kuwa kwa ufahamu wake korongo ni ndege mwenye miguu mirefu. Nikamhakikishia kuwa neno hilo lina maana zote mbili.

Mzee alitusikiliza, kisha akasema kwa utulivu, "Hapa petu paitwa Nyari. Maana yake ni mahali palipobomoka penyewe."

Rafiki yangu akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba mhadhara wake mzima kuhusu mmomonyoko ulikuwa ndani ya neno hilo moja. Hakuna aliyepachimba wala kupapasua. Mvua na upepo vililila jiwe laini kwa miaka na mikaka, na vinaendelea kulila. Jina Nyari linaeleza jinsi mahali hapo palivyotokea. Jina la kigeni, kwa upande wake, linatueleza tu kwamba mgeni fulani aliona rangi nyekundu, akahisi joto la adhuhuri, akaikumbuka Jehanamu ya kwao.

Mzee akatusimulia pia kisa walichoachiwa na wazee wao. Hapo zamani paliishi jamaa tajiri kupindukia, waliokuwa na ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga maziwa. Mungu akaghadhabishwa na ubadhirifu huo, ardhi ikadidimia pamoja nao. Weupe ulio katika kuta za korongo ni maziwa yao, na wekundu ni damu yao. Waama, hiyo ni fasihi simulizi iliyoandikwa juu ya jiwe. Ni onyo kwa kila mwenye neema asiyejua kuitunza.

"Jehanamu ni mahali pa kukimbiwa," mzee akamalizia. "Sisi hapa ndipo kwetu."

Kauli hiyo ilinichoma moyo, kwa sababu nilikuwa mmoja wa walioieneza Jehanamu hiyo, tena kwa Kiswahili sanifu.

Tulipokuwa tukipanda kutoka korongoni, mwenzangu alinipinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema kuwa jina la kigeni ndilo linalomleta mtalii, na shilingi ya mtalii ni chakula na karo ya watoto wa kijiji. Je, mimi ninayekula kwa uhakika katika bweni la chuo nina haki gani ya kuwanyang'anya wenyeji jina linalowalisha?

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Asiyelijua jina la Nyari hawezi kulitafuta, na wenyeji wasilazimishwe kupoteza riziki. Hata hivyo, historia yetu wenyewe inaonyesha kuwa jina likibadilishwa mgeni hapotei njia. Mwaka 1888, Teleki na wenzake walifika katika ziwa kubwa la kaskazini, wakaliita Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Mwaka 1975 liliitwa Ziwa Turkana, na watafiti na wageni wangali wanalimiminikia. Kibao cha Marafa kinaweza kubeba majina yote mawili, mradi Nyari litangulie na maana yake ifuate. Mtalii naye hupenda kisa kizuri, na kisa cha maziwa na damu kinazidi kwa utamu hilo jiko lisilo na mpishi.

Aidha, jukumu hili haliwahusu wenye vibao pekee. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inaitaka serikali kuendeleza lugha za kiasili. Mambo haya mawili hayagombani. Kiswahili kilichovuka Sabaki kwenda Marafa kilikuwa kikienda kwa ndugu yake. Kwa nini basi kimpe ndugu huyo jina lililokopwa ng'ambo, ilhali analo lake? Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kudhani kuwa kutafsiri ni kukiendeleza. Wakati mwingine kutafsiri ni kuukoleza wino wa mkoloni.

Ninapendekeza jambo moja jepesi. Kila mwanachama wa chama chetu anapokwenda kwao likizoni, arudi na majina matano ya mito, milima, mapango au misitu ya huko, pamoja na maana zake na visa vyake kama vinavyosimuliwa na wazee. Tuyachapishe humu jaridani. Kazi hiyo haihitaji ufadhili. Inahitaji miguu, masikio na adabu ya kumwamkia mzee kabla ya kumuuliza. Nasi tuharakishe, kwani wajukuu wa yule mzee tayari wanalijua jina moja tu, na silo lake.

Tuliondoka Nyari jua likizama, kuta zikiwaka rangi zote. Ndani ya matatu, rafiki yangu aliniuliza atawaelezaje wenzake jina hilo. Nikamjibu awaambie kuwa ni mahali palipobomoka penyewe. Lakini awaambie pia kuwa jina halibomoki lenyewe. Likibomoka, ni sisi tuliolibomoa.