Usiisugue Saa Hiyo
Anayekuambia kwamba unaweza kufuta mikwaruzo ya saa ya kifahari ukiwa sebuleni, kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, anakuficha jambo moja: mkwaruzo haufutiki. Kinachoondoka ni chuma kilichouzunguka, mpaka uso mzima ushuke ulingane na kina chake. Chuma hicho hakirudi.

Tazama Royal Oak, iliyobuniwa na Gérald Genta na kutolewa na Audemars Piguet mwaka 1972. Uzuri wake uko kwenye kingo kali zinazotenganisha uso uliochorwa mistari myembamba na uso unaong'aa kama kioo. Isugue nyumbani kila unapoona alama, mistari itapotea na kingo zitakuwa butu kama sabuni iliyotumika. Ndiyo maana wakusanyaji wengi wa saa kuukuu hulipa zaidi kwa ile ambayo haijawahi kusuguliwa.

Utasema: saa ni yangu. Sawa. Lakini alama ya kitasa cha mlango au ya meza ya kazini ni ushahidi kwamba ilivaliwa na mtu aliyeishi. Mwanao akiirithi, hapo ndipo atakapokukuta. Ipanguse vumbi, uivae.