KALAMU IWE YA WOTE



Katika matawi mengi barua ya madai huandikwa na mtu mmoja tu, katibu. Sisi wengine hutia sahihi au dole gumba. Siku katibu akihamishwa au kuachishwa kazi, ujuzi huondoka naye, na tawi hubaki bubu mbele ya mwajiri. Madarasa yetu ya elimu ya wafanyakazi hayana budi kuondoa udhaifu huu, na chombo kipo: ni wiki.

Hatusemi wiki ya siku saba. Neno hili ni la Kihawaii, maana yake "haraka". Mmarekani Ward Cunningham alilichukua mwaka 1995 kuita kurasa za intaneti ambazo msomaji mwenyewe aliweza kuzisahihisha papo hapo. Kwa njia hiyo hiyo ilianza kamusi elezo ya Wikipedia mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Huko Marekani na Kanada wapo walimu wa vyuo vikuu wanaowapa wanafunzi kazi ya kuandika makala za Wikipedia, badala ya insha isomwayo na mwalimu peke yake.

Faida yake ni nini? Kila ukurasa wa wiki una historia yake: kilichobadilishwa, siku na saa. Maneno yaliyofutwa yaweza kurudishwa. Upo pia ukurasa wa majadiliano, ambapo anayebadili maneno ya mwenzake hueleza sababu. Hivyo mtu hujifunza kuandika kama fundi ajifunzavyo kiwandani, kwa kusahihishwa na wenzake huku kazi ikiendelea.

Tena wiki hufundisha balagha, yaani sanaa ya kushawishi. Ukiandika, "Wachumaji chai wanapunjwa," mwenzako atauliza: kilo ngapi, tarehe gani, ushahidi uko wapi? Sentensi itarudi ikiwa na siku, uzito wa mizani na uzito ulioandikwa kwenye kadi. Dai la namna hiyo si rahisi kutupwa kapuni. Na aliyezoea kuulizwa hivyo hatadanganywa kwa urahisi na habari zinazotumwa kwenye simu.

Wako watakaosema hatuna intaneti. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, hutolewa bure, na yaweza kuwekwa katika kompyuta moja ya ofisi ya tawi bila intaneti.

Lakini tuwe macho kwa mambo mawili. Kwanza, madai ambayo hayajawasilishwa yasiwekwe mahali pa wazi. Historia inayotunza maneno yetu yaweza pia kumfichua aliyeyaandika, na mtu akapoteza kazi. Pili, makarani na vijana waliozoea kompyuta wasihodhi kalamu. Mama mchumaji asiyejua kuandika aseme, mwenzake aandike, kisha asomewe naye asahihishe. Bila hivyo tutakuwa tumemwondoa katibu mmoja na kuweka makatibu watano.

Tunaziomba halmashauri za matawi zianze na ukurasa mmoja tu: haki zetu katika mkataba wa kazi, kwa maneno yetu wenyewe, kila kifungu kikitajwa kwa namba yake. Mkono mmoja haulei mwana, wala barua ya mkono mmoja haitoshi kuwasemea watu wengi.