Karani na Vazi Lake

Lipo jambo dogo lililowatia wengi wetu katika madeni makubwa, nalo ni vazi. Hapa Ifakara kijana akiisha kupata kazi ya ukarani hukimbilia suti nzito na tai, akazikopa dukani. Joto la Novemba likifika, hukaa ofisini akitota jasho, na mshahara wake huenda kwa mwenye duka.

Hatusemi karani avae ovyo. Twasema vazi lifuate umri, kazi na mahali. Asiye na watoto aweza kujipamba. Mwenye watoto watatu shuleni na apige pasi shati lake la mwaka jana. Atumwaye ng'ambo ya bonde la Kilombero wakati wa masika, maji yakiwa yamejaa katika mashamba ya mpunga, viatu ving'aavyo vitamfaa nini? Naye aliyenenepa asijibane katika suruali ya ujana wake, mshonaji yupo.

Wala kubadili vazi si kushuka cheo. Mwaka 1955 Julius Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa akiwa na suti na tai. Alipokuwa Rais, watu walimzoea katika suti ya mtindo wa Chou En-lai, isiyo na tai, wala heshima yake haikupungua.

Sisi wenyewe tulilipa deni la koti moja miezi minane. Leo twavaa shati safi la mikono mifupi, na wenye shida wangali wanatujia mezani kama zamani. Nguo ya kuazima haisitiri.