Ulinzi nao una bei

Haya wadau, leo naomba niongelee inzi. Simaanishi wale wakubwa wa jalalani, wala wale wanaotoboa maembe shambani wakawatia hasara wakulima. Nasemea wale wadogo wenye macho mekundu wanaozengea ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kitaalamu wanaitwa Drosophila melanogaster, na kwao ni huku huku Afrika. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuwakuta porini Zimbabwe, kwenye matunda ya mng'ongo.

Hawa inzi wana adui mbaya sana. Ni nyigu mdogo anayemdunga buu wa inzi na kumwachia yai mwilini. Yai likianguliwa, mtoto wa nyigu anamla mwenyeji wake kutoka ndani, taratibu. Mwisho wa siku, kwenye ganda ambalo ulitegemea litoe inzi, anatoka nyigu.

Inzi hakai tu akisubiri kufa. Buu akichomwa anajiviringisha ili amtoe nyigu. Akizidiwa, chembe za kinga kwenye damu yake zinalizingira lile yai na kulifunika kwa ganda jeusi mpaka life. Na mama naye si mchezo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba inzi jike akiwaona nyigu majike, anakwenda kutaga kwenye chakula chenye pombe nyingi, maana ile pombe inamdhuru nyigu kuliko inavyomdhuru mwanawe. Akiona nyigu dume, ambaye hana madhara, hahangaiki.

Sasa swali ambalo wengi tunauliza ni hili: kama dawa ipo, kwa nini inzi wote wasiwe nayo? Tunadhani aliyeliwa ni mzembe. Mimi nasema hapana, na jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1997, Kraaijeveld na Godfray walichapisha jaribio lao: walichagua inzi waliopona nyigu, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi. Kwa vizazi 5 tu, wenye uwezo wa kuliua yai la nyigu walipanda kutoka asilimia 5 hivi hadi kama 60. Safi kabisa, si ndiyo? Ngoja kwanza. Walipowekwa pamoja na mabuu wengine, chakula kikiwepo cha kutosha tofauti haikuonekana. Chakula kilipobana, wale wenye kinga ndio waliokufa zaidi. Baadaye ikabainika wanakula polepole kuliko wenzao. Yaani nguvu imekwenda kwenye ulinzi, mdomo umebaki nyuma.

Mama naye analipa. Nyigu wakiwa karibu anapunguza kutaga. Pombe anayoifuata inaweza kumdhuru mwanawe pia, kwa hiyo nyigu wasipokuwepo haifuati. Na hata nyigu wakiondolewa, anaendelea na tahadhari kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ukihesabu hasara ya nyigu kwa kuhesabu mabuu waliodungwa tu, umekosea hesabu. Yule ambaye hajadungwa maisha yake yote naye kalipa, kwa mayai ambayo hakutaga na chakula ambacho hakukila.

Nalisema hili kwa sababu hapa chuoni kwetu hesabu inakosewa hivyo hivyo. Njia ya kutoka maktaba kwenda hosteli za wasichana ni giza tupu. Kila tukiomba taa tunaulizwa, "Kwani nani amekabwa?" Jibu ni kwamba ikifika saa moja jioni sisi tumeshaondoka. Wenzetu wa kiume wanapiga msuli hadi maktaba inafungwa, sisi tunakwenda kubanana wanne chumbani na kitabu kimoja. Muhula ukiwa mlaini huoni tofauti. Mitihani ikikaribia, vitabu vya kuazima vikawa vya kugombania, ndipo tofauti inajitokeza, kama kwa wale mabuu. Halafu matokeo yakibandikwa mtu anasema wasichana hawasomi!

Najua wapo watakaosema tuache woga. Inzi jike si mwoga, ndugu zangu. Anamjua nyigu wa kuogopwa na asiye na neno, anapima, kisha anachagua hasara iliyo ndogo. Na sisi ndivyo tunavyofanya. Kutuambia tuache tahadhari wakati giza liko pale pale ni kutuambia tubadilishe hasara moja kwa nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kwa hiyo wahusika wasisubiri mpaka mtu adhurike ndipo waamini kuna tatizo. Waweke taa. Na wakishaweka, wasije siku ya pili kuhesabu vichwa maktaba na kusema hazikusaidia. Hata inzi anahitaji siku kadhaa kuamini kwamba nyigu kaondoka.

Mwasemaje wadau?